Siku Nilipolisalimia Gunia

Malambo, Bariadi.
9 Septemba 2025.

Dada yangu mpendwa Felisita,

Mwangaluka! Huko Songea najua hakuna wa kukuamkia kwa Kisukuma, basi pokea yangu. Baridi imepungua? Magoti je? Sisi hapa wazima, pamba imeshatoka mashambani na vumbi limeingia mpaka kwenye sukari. Nawe Nancy, mjukuu wangu unayemsomea bibi yako, hujambo? Soma polepole, usiruke mstari.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu, dada, ukisikia tu neno upasuaji unasema mtandao mbaya. Karatasi haina mtandao.

Mwezi wa Julai nilikwenda Mwamapalala kumwona Milembe, yule tuliyelala naye bweni moja chuo cha ualimu. Presha yake imetulia na bado anaamrisha watu kama alipokuwa kiranja. Nilipoingia uani nikamwona baba mkwe wake, mzee Luhaga, amekaa kivulini na koti lake la kijivu. Nikapiga magoti kama tulivyofunzwa. "Mwadila, baba." Kimya. Nikarudia. Kimya. Nikawaza nimemkosea nini mzee wa watu, nikazidi kuinamisha kichwa. Mara nikasikia sauti nyuma yangu, kutoka zizini: "Ng'wanawane, mwanangu, hilo gunia limekuitikia?"

Lilikuwa gunia la pamba, dada. Mzee alikuwa ametupia koti na kofia yake juu yake, akaenda kuangalia ng'ombe. Milembe alicheka mpaka akakaa chini. Nami nilicheka, ila njiani kurudi nililia. Mwalimu mzima, miaka thelathini na minane nikisahihisha madaftari, leo nalipigia gunia magoti!

Ndipo nikakubali kwenda hospitali. Mtoto wa jicho, kama wako. Walinitia dawa ya ganzi, nikalala nikiwasikiliza manesi wakizungumzia vitenge, na kabla hawajamaliza vitenge vyao daktari akasema tayari. Kesho yake walipofungua bandeji, kitu cha kwanza kuona ni kucha zangu. Zilikuwa chafu! Niliona aibu na furaha kwa pamoja.

Agosti nikaenda Malampaka kwa Kasmiri, aliyekuwa akikaa dawati la nyuma yako. Kisukari kimemchukua kidole kimoja cha mguu, lakini kila asubuhi anatembea mpaka stesheni na kurudi. Nilimtambua tangu mbali, kabla yeye hajaniona. Tukiwa tunakula akanieleza ni nani aliyeweka ile karatasi isiyo na jina ndani ya daftari lako mwaka 1979, ile uliyomtafuta mwandishi wake mpaka tukamaliza chuo. Akanieleza pia kwa nini hakutia jina.

Yote nimeyaandika. Yamo kwenye bahasha ndogo niliyoigundisha, humu humu ndani. Nancy, hiyo usiifungue, haikuhusu. Mpe bibi aiweke chini ya mto wake.

Umeshazikwepa tarehe mbili za hospitali, dada. Ya tatu ni ishirini na tatu mwezi huu. Nenda. Ukirudi, ifungue ukiwa peke yako, usome mwenyewe.

Nisalimie mwanao Deogratias na mkewe. Monika na Limbu wa hapa nyumbani wanakusalimu sana. Mungu akupe ujasiri tu, macho atayashughulikia daktari.

Ndugu yako akupendaye, na anayekuona vizuri hata ukiwa mbali,

Wilhelmina