Kuhesabu Kuanzia Sifuri

Jumatatu, 4 Mei

Mjukuu wangu ameniletea kijitabu cha mkutano wao nikisahihishe. Watu mia mbili na ushei, wote watunzi wa programu za kompyuta zinazosoma jeni. "Bibi, umezeekea matbaani, kosa gani litakupita?" Nikajifanya kusitasita. Moyoni nimeruka!

Nilimwuliza urefu wa hicho wanachokisoma. Herufi bilioni tatu kwa kila mtu, akasema, na alfabeti yake ina herufi nne tu. Nne! Alipoondoka nilikaa jikoni nikitazama kiganja changu kama cha mgeni. Miaka thelathini nimesoma prufu, kurasa za majaribio, za wenzangu — kumbe nami nimechapwa.

Jumatano, 13 Mei

Nimepata kosa. Ukurasa wa 31, majedwali mawili ya mtoto mmoja mgonjwa: moja la maabara ya hospitali, moja la programu ya mjukuu wangu. La hospitali lasema herufi iliyoharibika ni ya 4,118. Lake, ya 4,117. Mstari unaofuata, vivyo hivyo. Yote! Nikampigia, nikidhani ni mchapaji. Nikasikia akifunua kurasa, kisha: "Bibi, nakuja."

Amekaa sakafuni na kompyuta yake mpaka chai ikapoa. Programu nyingine, kaniambia, huhesabu kuanzia moja, nyingine kuanzia sifuri. Yake huanzia sifuri, na alisahau kuongeza moja inapoandika ripoti. Hospitali mbili zinaitumia tangu mwaka jana. Daktari hutazama herufi ya jirani, akaikuta nzima, akamwambia mzazi mtoto hana kitu.

Bilioni tatu — na hatua moja yatosha kumpoteza mtu.

Alhamisi, 21 Mei

Mkuu wa maabara yao amemwambia arekebishe kimyakimya. Wafadhili watakuwepo kesho mkutanoni. Akilitaja jukwaani, akumbuke mkataba wake unaisha Juni; usipoongezwa, asije akamlaumu mtu.

"Ni moja tu, Bibi," anacheka kicheko kikavu. "Moja!"

Kwenye karatasi nilizopewa mpakani nilipoingia nchi hii, mwaka wangu wa kuzaliwa umepungua mmoja. Karani alikuwa na haraka, nami niliogopa kumsahihisha — mimi, msahihishaji! Miaka arobaini na moja sasa, na kila nikijaza fomu najiona mwongo. Nikamsimulia hilo, basi. Akanibusu utosini, akaenda kupiga pasi blauzi.

Ijumaa, 22 Mei, ukumbini

Naandikia gotini. Ukumbi umefurika! Ukutani herufi nne zinateremka safu kwa safu, mvua isiyolowesha. Watu hawa wanasoma kilichoandikwa kabla hatujapewa majina. Nimesahau hata kuvua koti.

Nyuma yangu watafiti wawili wanataniana. Programu yako kobe! Afadhali kobe, yako sungura asiyejua aendako.

Mjukuu amepanda. Mkuu wake safu ya mbele, amekunja nne. Wanapiga makofi.

Amezima picha. Ukuta mweupe. Jana alipofanya mazoezi ya hotuba hakuzima kitu.

Anasema polepole, kama asomaye barua: ripoti zetu zimekosea, kila herufi imesogea nafasi moja, na kosa ni langu. Mkuu ameshusha mguu.

Mama mmoja pembeni amesimama, beji ya hospitali shingoni, simu tayari sikioni. Hata kipaza sauti hakungoja.

"Tangu tarehe ngapi, mwanangu? Nitajie tarehe, nianze kuwaita wazazi."

Mjukuu wangu anafungua daftari lake —