Mwezi Wangu Katikati ya Skuta

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekabidhiwa funguo. Za kigari cha karakana – cheupe, kifupi, nyuma kimejaa miguu ya bandia. Dereva wetu kapata kazi kwingine, kaaga na kuondoka. Bosi akaniita: wewe si una leseni? Ninayo, mama. Basi wagonjwa wa majumbani ni wako. Mwisho wa mwezi nataka uwe unazunguka peke yako, ukishindwa atakwenda mwingine, wewe ubaki kwenye plasta.

Nikasema sawa. Mdomo wangu una haraka!

Ila kwenye plasta sibaki. Sikuacha watoto kwa mama yangu na kuja nchi ya watu ili nikoroge unga mweupe chumba cha nyuma. Nilikuja kuona watu wakisimama.

Suala la skuta, vipikipiki vya huku, sikuliwaza. Miezi mitano hapa nimekuwa mtu wa basi, nazitazama dirishani kama sinema. Leo nimeingia ndani ya sinema. Zinatoka kushoto. Zinatoka kulia. Nyingine inakuja mbele – upande wangu! Mmoja kabeba ngazi. Mmoja kabeba mke, watoto wawili na feni. Mmoja kafunga mgongoni kioo kizima cha kabati, akanipita, nikajiona mle ndani: macho pima, mdomo wazi. Kumbe ndivyo nilivyo!

Kilomita nne, saa nzima na robo. Nimefika nyumbani vidole bado vimejikunja kama vimeshika usukani. Nimecheka peke yangu jikoni mpaka chai ikamwagika.

Jumanne, 4 Machi

Baba Watoto kapiga simu. Kaendesha lori miaka kumi na minane, kwake barabara zote ni moja. Anasema piga honi, shika njia yako, watakupisha tu.

Nimepiga honi siku nzima. Hakuna aliyegeuka! Hapa honi ni kama chafya, mtu hata hakuulizi una nini.

Halafu akapunguza sauti. Kaona video ya barabara za huku, kuna mtu kamtumia. Watoto watavuka vipi kwenda shule?  Mkataba wangu unaisha mwezi ujao. Nikisaini wa miaka miwili, yeye na watoto watatu wanahamia huku. Nisiposaini, narudi. Anakuja tarehe 28. Anasema akiona kwa macho yake ndipo tutaongea.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemgusa mtu. Si kumgonga. Kumgusa. Nilimkwepa wa kushoto, nikamwendea wa kulia, kioo changu cha pembeni kikapata mkono wa skuta yake. Kwaa!

Yule bwana akasimama. Akakinyoosha kioo changu, akakipangusa kwa shati lake, akaenda zake. Hata hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Nimekaa kando ya barabara dakika ishirini. Nyuma yangu miguu saba, kila mmoja na jina la mwenyewe. Historia zao ninazijua kwa kichwa. Mitano kati ya hiyo saba ni ajali za skuta na gari.

Sijala.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepata mwalimu!

Mgonjwa wa pili leo: mwoka keki, hamsini na ushee, anakaa ghorofa ya kwanza, nyumba nzima inanukia vanila. Humu nitamwita Mama Keki. Mguu wake wa kushoto unaishia chini ya goti, mwaka wa pili sasa. Ana mguu wa zamani, unambana, anautumia kwa shida. Skuta yake iko chini ya ngazi, kaifunika shuka la maua, limefuliwa na kupigwa pasi.

Niko chini kwenye mkeka wangu, napima kigutu, akauliza mbona unatoka jasho hivyo, dada, kwani nakuogopesha? Nikamweleza. Honi, kioo, yote. Akacheka mpaka nikapoteza vipimo, nikaanza upya.

"Unatukwepa?"

"Nawakwepa wote!"

"Ndilo kosa lako hilo. Mimi nikija, nimeshaamua nitapita wapi kabla hujaniona. Sikutazami usoni, natazama gurudumu lako la mbele. Likienda sawa, napita. Likichezacheza, sijui tena nishike wapi."

Kama watu wawili kwenye korido nyembamba, huyu akihamia kulia, na yule anahamia hukohuko. Nimeelewa!

Kisha akaacha kucheka. Aliyenigonga, akasema, hakuwa mlevi wala hakukimbiza gari. Alinihurumia. Akanikwepa, na mimi nikamkwepa, tukakutana. Alikuja hospitali kila Ijumaa na matunda, akilia kuliko mimi. Ikabidi mimi ndiye nimbembeleze.

 Nikaandika vipimo.

Wakati nafunga begi akaniuliza kama mguu mpya utaweza kusimama kwenye taa. Nikauliza, taa ipi? Akanionyesha kwa mkono: taa nyekundu, skuta inasimama, mguu wa kushoto unashuka chini kuishikilia. Huo mguu. Anataka kuendesha tena. Keki zake sasa anazipeleka dada yake kwa basi, na zikifika zimelala upande.

Kwenye fomu yetu kuna mstari: lengo la mgonjwa. Wengi husema kupanda ngazi, kutembea bila gongo. Nimeandika: kusimama kwenye taa.

Ijumaa, 14 Machi

Najaribu. Mwendo wa mtu aliyebeba beseni la maji kichwani. Naonyesha indiketa mapema, nasubiri kidogo, naenda. Nikishaanza sirudi nyuma. Na zinapita! Zinanipita huku na huku kama kuku wanavyompisha mtu anayekatiza uani na shughuli zake.

Karibu na soko mmoja akagonga dirisha.  Kumbe indiketa yangu inawaka tangu darajani, anataka kujua kama nitakata kona leo au wiki ijayo. Tukacheka wote wawili, taa ikawa kijani.

Kilomita nne zilezile. Dakika ishirini na tano!!

Jumapili, 16 Machi

Nimekwenda na gari kununua sabuni. Sabuni ninayo.

Jumatano, 19 Machi

Mama Keki kaja karakana kuvaa mguu. Katikati ya vyuma vya kushikia akatembea mara tatu, ya nne akaachia. Kigutu hakina alama nyekundu hata moja. Niliona raha, nikajifanya natafuta penseli.

Bosi akasoma fomu. Akairudia. Akanivuta pembeni.

"Skuta? Umemwahidi skuta?"

Nikasema sikumwahidi, nimeandika alichosema. Bosi akasema yeye hatii sahihi mguu wa skuta ambao hajui unafanya nini barabarani. Akiteleza je? Akianguka, mguu una jina la karakana yetu. Na ni kweli, siwezi kumlaumu. Basi, akasema, fundi mmoja apande nyuma aone kwa macho. Nani atapanda?

Fundi wa mikono akatazama dari. Fundi wa viatu akakumbuka kuna gundi inakauka. Mimi nikasikia sauti inasema "mimi", nikageuka nione ni nani kasema. Ni mimi.

Jumamosi, 22 Machi

Nimepanda skuta! Mimi! Niandike kila kitu kabla hakijapoa.

Saa tatu asubuhi. Mama Keki kavaa suruali ya kazini na kiatu chenye soli ya mpira. Kofia ngumu niliyopewa ina picha ya paka, ni ya binti yake. Akalifunua lile shuka, akalikunja vizuri, pembe kwa pembe, kama mtu asiye na haraka. Funguo akazitafuta mfuko wa kushoto, ziko wa kulia. Nikajifanya sioni. Mimi kofia nikaivaa nyuma mbele, na yeye akajifanya haoni.

Taa ya kwanza – mguu ukashuka kwa kisigino tu, ukateleza. Tukainama! Nikatupa mguu wangu chini, tukasimama kama meza mbovu. Akatukana tusi ambalo sikulijua, nimeliomba baadaye anifundishe, kakataa.

 Akasema kwa sauti ndogo, labda basi. Labda imetosha.

Nikamwambia dada, hebu keti kwanza. Tukaegesha, akaketi kwenye ukingo wa bustani ya benki, mlinzi anatutolea macho. Mimi natembea na spana zangu ndogo mfukoni. Nimelegeza kifundo cha mguu, nikaielekeza ncha ya mguu chini kidogo – unywele tu! – nikakaza. Kosa lilikuwa langu, si lake. Nilimpimia mguu wa mtu anayetembea. Mtu aliyekaa kwenye skuta mguu wake unashuka kwa pembe nyingine kabisa. Nikamwambia hivyo hivyo. Akanitazama, akavuta pumzi, akavaa kofia.

Taa ya pili. Mguu ukashuka. Soli nzima, chapa! Skuta kimya kama imepigiliwa misumari.

Akapiga kelele: "Imesimama!" Bwana wa skuta ya jirani akampa hongera bila kujua hongera ya nini.

Taa ya tatu, ya nne. Tukaanza kuzitafuta nyekundu, kijani tunakiona uchokozi. Na huku nyuma nikaona kila kitu anachokisema. Ukiwa kule chini magurudumu yanaongea. Hili linakwenda sawa, mwache. Lile linapepesuka. Mbele yetu gari la kijivu, mara huku, mara kule, dereva kakumbatia usukani. Nikasikia mdomo wangu: "Amua basi, ndugu yangu!" Mama Keki kacheka mpaka na sisi tukapepesuka.

Yule dereva tulipompita nilimtazama. Macho pima, mdomo wazi. Nikampungia mkono, maskini.

Bosi kapokea habari kwa simu. Jumatatu atatia sahihi. Kauliza kama nimeumia popote. Nimemwambia mashavu, kwa kucheka.

Ijumaa, 28 Machi

Baba Watoto kafika! Kapungua kidogo, ananukia kama nyumbani. Kaleta barua za watoto na picha ya mdogo aliyonichora nina vidole kumi na viwili. Nimempakia kwenye kigari (Bosi karuhusu, na bima inasema mwenye leseni yeyote), nikamleta mpaka mlangoni. Njia nzima kashika mpini wa juu ya dirisha. 

Mlangoni akasema ni kwa sababu kakaa upande wa abiria tu, hajazoea. Kesho anaendesha yeye.

Mkataba uko mezani. Jumatatu nijibu.

Jumamosi, 29 Machi

Naandika nikiwa garini. Nafasi ninayo.

Dakika ya kumi na nane tuko mdomoni mwa mzunguko wa mbele ya kliniki ya meno. Baba Watoto anaendesha. Yaani, kakaa kwenye usukani. Kila akiachia klachi, skuta tatu zinakatiza puani, anakanyaga tena. Nyuma honi. Huyu ni mtu aliyepeleka lori la tani arobaini mipaka mitano bila mkwaruzo. Kola ya shati imelowa.

Anasema hawa hawana mpango wowote. 

Dakika ya ishirini. Kazima injini. Kanigeukia, kauliza, na si kwa mzaha: "Wewe hapa unapitaje kila siku?"

Miaka kumi na mitano ya ndoa, hajawahi kuniuliza chochote kuhusu usukani. Nimemwambia siwezi kukueleza, shuka tubadilishane, utazame. Nilidhani atakataa.

Kashuka! Nimejivuta kwenye kiti chake, bado cha moto, naandika juu ya usukani. Yeye anatakiwa azunguke mbele aje upande wa pili. Hatua sita. Kafika kwenye taa ya kwanza ya gari letu, kaganda. Skuta zinapita mbele ya tumbo lake. Anainua mkono, anaushusha. Kama ni kucheka nicheke sasa, lakini sicheki, nimeshika daftari kwa nguvu.

Ametazama chini. Ametazama mbele. Anaanza kutembea. Taratibu, hatua sawa, hasimami. Zinampitia mbele, zinampitia nyuma, hakuna hata inayopunguza mwendo. Kafika katikati ya boneti. Kanigeukia, anacheka! Mwanamume mzima, anacheka kama kapewa zawadi! Ananiambia kitu kupitia kioo, kwa honi hizi simsikii, nasoma midomo tu – watoto – watavuka? – nashusha dirisha –