Mke Wangu wa Dabaso

Barani,
Malindi.
9 Agosti 1986

Mpendwa dada Kahonzi,

Shikamoo dada. Salamu zangu ni nyingi kuliko bahasha. U hali gani huko Nakuru na baridi yake? Shemeji Simeon hajambo? Na binti yenu Wangu, ameshaota meno ya kumng'ata mjomba? Sisi wazima, ila nyanya yetu Hawe na macho yake, nitakueleza.

Kwanza ujue unaandikiwa na mtu mkubwa. Mimi sasa ni mtu wa jikoni hotelini. Wazungu hawali mpaka mkono wangu upite. Naosha sufuria, ndiyo, kwani chakula hupikwa hewani?

Sasa cheka polepole usimwamshe mtoto. Hoteli ilitangaza itawatibu wake, watoto na wazazi wa wafanyakazi. Karani wetu, Bwana Mwaura, akaniuliza mbele ya watu, "Jefwa, mke wako nani?" Athman mpishi, mwenye wake wawili, ananitazama kwa meno yote. Ninyamaze? Nikataja jina la Hawe, "Kache, wa Dabaso." Akaandika. Uongo uko wapi? Tangu natambaa Hawe ananiita mume wake, nawe mke mwenzake.

Tena nilitaka atolewe mtoto wa jicho. Siku hizi kuku wake anawalisha kwa kusikia tu. Daktari anasema anatibika, ila akicheleweshwa sana giza litamzoea.

Kumbe ofisi hutuma mtu kuhakikisha, maana wako walioandikisha hata majirani. Mwaura akanipakia kwenye pikapu mpaka Dabaso. Tukamkuta Hawe anasuka makuti.

"Mama, mke wa Jefwa yuko wapi?"

"Ndiye huyu unayemzibia upepo," Hawe akajibu. "Na huyo mume mwambie mahari hajamaliza. Hata tumbaku haleti!"

Mwaura akanigeukia, mimi natazama mnazi. "We kijana, huyu si nyanya yako?" Kisha akacheka mpaka miwani ikamwanguka. Hata kwao Nyeri nyanya yake humwita mume! Hakunishtaki. Lakini akasema, "Mke wa namna hii hoteli haimtibu. Mwandike mzazi, ulete ushahidi kuwa ndiye aliyekulea."

Hapo ndipo nakuhitaji, dada. Mama alipofariki mimi nilikuwa mchanga, wewe ulikuwa unaona. Ili athibitishe, chifu anataka barua ya mkubwa wa tumbo letu. Mwandiko wangu ameutazama akautilia shaka, darasa la tano halifichiki. Andika alivyonibeba mgongoni nikiwa na surua mpaka zahanati, na mvua ile. Andika alivyokuwa akisema ameshiba, nasi twala. Ifike mapema, maana daktari wa macho huja mwisho wa mwezi akaondoka.

Nilipomwambia Hawe kwamba nimemfuta kwenye wake, alinuna.

"Kwa hiyo umeniacha?"

"Nimekuacha, uwe mama."

Nilingoja anitukane kwa utani. Badala yake alininyooshea mkono, akanipapasa uso taratibu, mashavu mpaka kidevu. Ndipo akauliza, "Tangu lini una ndevu?"

Dada, ninazo tangu mwaka juzi.

Nisalimie shemeji, na mama mkwe wako Jedida, na Wangu umbusu kwa niaba ya mjomba. Mungu awafunike vyema kwenye baridi hiyo.

Nduguyo akupendaye, mtalaka wa Hawe,
Jefwa Gona