Majibu ya Damu ya Hashimu

Mtaa wa Bagamoyo,
Tukuyu, Rungwe.
9 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Nahla,

Assalaam alaykum. Hujambo huko ughaibuni? Kazi za maabara zinakwendaje? Sisi huku ni baridi na ukungu, tunavaa sweta juu ya sweta. Mama mgongo umepungua kumuuma, alhamdulillah. Mimi mzima, ila nina hasira, na leo zitakuangukia wewe.

Habari za kaka yetu Hashimu ulizisikia juujuu. Alinunua vyuma chakavu kule Mpuguso kwa ajili ya karakana yake ya kuchomelea. Kumbe ndani mlikuwa na kifaa cha kukagulia mabomba kwa mionzi, sijui kilitupwa na nani. Akaokota kipande kidogo kilichodondoka humo, akakigeuzageuza mkononi, akakiweka mezani. Baadaye vidole vikavimba na kubabuka kama vimemwagiwa maji ya moto. Wataalamu wakaja na mashine yao inayolia, wakakiondoa, wakasema karakana ni salama.

Karakana sawa. Na mtu je? Daktari Beatrice wa hospitali ya hapa alituambia ile mashine haiwezi kujua mwili umekula mionzi kiasi gani. Hilo husomwa kwenye damu, na kipimo chenyewe hapa hakipo. Damu ikasafirishwa. Gari likaharibika njiani, damu ikakaa juani, ikaharibika. Wakamtoa nyingine. Nikawa napiga simu: subirini. Napiga tena: mtaalamu yuko likizo. Nahla, nilikaribia kuitupa simu ukutani!

Katikati ya kusubiri huko, wifi yetu Suad akajifungua mtoto wa kike. Hashimu akakataa hata kumgusa. Akahamia kulala karakanani.

Daktari alimwambia, "Mionzi ile haiambukizi. Mbebe mwanao."

Hashimu akamuuliza, "Kiasi kilichoniingia mnakijua?"

"Bado."

"Basi na mimi bado."

Ungemjibu nini? Alikuwa anasimama dirishani kumtazama mtoto akinyonya, Suad akilia humo ndani. Hata siku ya akika, mtoto alipochinjiwa mbuzi, alisimama nje ya uzio kama mpita njia. Wateja nao wakamkimbia, kila mmoja na uvumi wake.

Majibu yamekuja wiki iliyopita, mtoto ameshafika miezi minane: mwilini kiliingia kiasi kidogo. Vidole viwili havitarudi kama zamani, lakini mwenyewe atapona. Akaoga, akavaa kanzu, akaingia chumbani, akanyoosha mikono. Mtoto akapiga ukelele, akajikunja kwa mama yake. Hamjui! Hashimu akasema tu, "Ana haki," akatoka.

Uliniandikia kwamba mnajaribu kupima mionzi ya mwilini kwa tone la damu, majibu siku hiyohiyo. Nilifurahi, kisha nikakasirika. Waambie wakubwa wako kipimo hicho wasikitengenezee miji mikubwa peke yake. Waambie kuna baba wa Tukuyu alinyimwa mwanawe na foleni, wala si na mionzi.

Nisamehe ukali. Mama anakusalimu sana, Suad pia, na jirani yetu Tusekile anauliza utarudi lini. Hashimu anakusalimu akiwa hapa kibarazani. Mtoto amelala, ndiyo maana amekubali kupakatwa naye. Akiamka tutasikia kelele.

Mwenyezi Mungu akulinde na akuzidishie elimu yenye manufaa kwa watu.

Dada yako akupendaye hata akifoka,
Shamsia