Mume Wangu Anataka Niseme Meseji Zile Zilikuwa Zangu

Mpendwa Mama Philomena,

Shikamoo. Nakuomba msaada, na nakuomba usinihukumu kabla hujafika mwisho wa barua, maana mimi ni bibi harusi wa miezi mitatu tu, maua ya ukumbini bado yako juu ya kabati langu, na badala ya kufurahia ndoa yangu nimekaa hapa Somanda, Bariadi, napigania jina la mume wangu kama mtu anayefukuza fisi zizini.

Nianze na yeye ili umjue. Wilbroad (majina yote nimebadilisha) ni mwalimu wa jiografia kwenye sekondari moja nje ya mji, kwao ni Bukoba, alipangiwa kazi huku, na tangu siku alipoingia kwenye kibanda changu cha cherehani kutafuta vifungo vya shati sijawahi kumwona mwanamume mwenye maneno mazuri kama yake. Mimi niliishia kidato cha nne, lakini ukimsikia akiongea na mimi utadhani anaongea na waziri. Ananiita "asubuhi yangu". Hata ukumbini alishika kipaza sauti akasema mbele ya wageni wote, "Rahel ndiye asubuhi yangu," na ndugu zangu wa Kisukuma, ambao hawajazoea mwanamume kusema hivyo hadharani, walicheka mpaka wakashika mbavu, na mjomba wangu Masunga akauliza kwa sauti kubwa, "Na mchana wake ni nani?" Watu wakacheka tena. Mimi nililia kwa furaha mpaka wanja ukachuruzika.

Sasa sikia walivyomfanyia. Kwenye likizo ya Juni Wilbroad alikuwa akiwatumia wanafunzi wa kidato cha pili mazoezi kwa WhatsApp, kupitia namba za wazazi, maana watoto wenyewe hawana simu. Ni mwalimu gani mwingine anayejitolea hivyo likizo? Kuna binti mmoja wa huko Zagayu, nitamwita Joyness, ana miaka kumi na tano, anatumia simu ya mama yake. Mama huyo siku moja akabonyeza ujumbe wa sauti akidhani ni wa wanunuzi wa pamba, wanatangaza siku ya kupima mizigo, akasikia sauti ya mwalimu ikisema, "Wewe ndiye asubuhi yangu, natamani shule ifunguliwe nikuone, umeshakuwa mkubwa sasa, ukimaliza kusikia futa, mama asisikie." Zilikuwepo na nyingine za namna hiyo. Mama akaibeba simu mpaka kwa mkuu wa shule, Madamu Sia, na Madamu Sia, badala ya kumwita mwenzake wakaongea kama watu wazima, akaipeleka habari wilayani moja kwa moja. Mume wangu amesimamishwa kazi, amepewa hati ya mashtaka, na mwisho wa mwezi huu kamati ya uchunguzi inakaa. Akipatikana na kosa anafukuzwa ualimu. Mtu aliyesoma kwa shida, ambaye anawasomesha wadogo zake wawili.

Wilbroad ameniapia kwamba meseji zile alikuwa ananitumia mimi, ila aligusa jina lisilo lenyewe. Na mimi nilipoambiwa maneno yaliyokuwemo moyo wangu ulitulia, kwa sababu "asubuhi yangu" ni mimi, dunia nzima ya ukumbini ilisikia. Hilo la "mama asisikie" watu wanalishupalia sana, lakini hata mimi nina mama, na mama yangu ni mkali. Kwa hiyo kinachotakiwa ni mimi nisimame mbele ya kamati niseme zilikuwa zangu, yaishe.

Tatizo ni shangazi yangu wa Nkololo. Kwetu binti akikaribia kuolewa anakwenda kukaa kwa shangazi, hatoki nje, anafundishwa maisha ya ndoa, na shangazi yangu ana sheria yake ambayo ukoo mzima unaijua: simu ya bibi harusi anaichukua yeye, anaizima, anaikabidhi siku ya harusi. Anasema mtu hawezi kufundwa huku anachekacheka na kioo. Basi mwezi wa Juni wote simu yangu ilikuwa kwake. Wilbroad alikuwa akituma salamu kwenye simu ya shangazi mwenyewe, na shangazi anazisoma kwa sauti mbele ya bibi zangu, "Mwambieni nimemkumbuka," na wale bibi wanacheka wanauliza amekumbuka nini, na mimi najificha kwenye kitenge kwa aibu na raha. Zilikuwa siku tamu jamani, sitazisahau.

Ndiyo maana Wilbroad akasema twende Nkololo tumwombe shangazi aseme aliniachia simu yangu mwezi ule. Kitu kidogo tu, cha kumwokoa mtu asiye na hatia. Tulikwenda na sukari na kitenge kizuri. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamtazama mume wangu.

"Baba," akasema, "ile simu nililala nayo kwenye sidiria. Unataka niseme nini kwa hao watu?"

"Useme tu ulimrudishia, shangazi. Hakuna atakayeuliza zaidi."

"Wewe ulijua ninayo. Kila siku ulikuwa unanisumbua mimi, 'Shangazi, mpe simu hata dakika moja.' Nikakwambia ng'o."

Shangazi akanigeukia mimi. "Na wewe, nilikufunda mwezi mzima. Sehemu ya kusema uongo mbele ya serikali nilikufundisha saa ngapi?" Kitenge akatusukumia, hakukigusa hata kukipima. Mama Philomena, niliumia. Huyu ndiye amenifunda, na leo anaona bora mume wangu aangamie kuliko yeye kusema neno moja.

Kwa hasira nikaamua kwenda Zagayu peke yangu nimwone huyo Joyness, nimuulize vizuri alichomfanyia mume wa mtu. Nilipanda bodaboda na nilikuwa nimeshapanga matusi yangu njia nzima. Nikamkuta mama yake anakoboa mahindi uani, nikamwambia mimi ni nani. Akaacha kazi. Nilidhani atanifukuza.

"Karibu ukae, mayu," akasema. "Wewe ndiye bibi harusi?"

Mtu ananiita mayu, yaani mama, wakati nimekuja kumtukana. Nikamwambia sikai, namtaka binti yake. Akasema, "Yuko nyuma na ng'ombe. Shule haendi tena. Wenzake wanamwita mke mdogo. Baba yake anasema basi, kama shule yenyewe ndiyo hii, akae nyumbani, posa zikija zije."

"Binti yako ndiye alianza," nikasema.

"Alianza nini? Yeye alituma jibu la zoezi la ramani. Amelipiga na picha."

Binti akatokea nyuma ya zizi. Mama Philomena, nilitegemea kuona msichana mkubwa mwenye macho makavu. Nikaona mtoto mwembamba, amevaa sweta la shule juu ya gauni, ameshika fimbo ya ng'ombe, aliponiona akarudi nyuma hatua kadhaa akajificha nyuma ya mama yake. Matusi yangu yote yalinipotea. Nikapanda bodaboda nikarudi.

Tangu siku hiyo nina hasira na kila mtu. Nina hasira na Madamu Sia ambaye hajaolewa na nahisi ana wivu, nina hasira na shangazi, nina hasira na yule mama aliyenikaribisha vizuri, nina hasira na mtoto kwa kuwa mdogo vile. Wilbroad ananiambia, "Asubuhi yangu, ukinipenda utasema," na nikilisikia hilo neno siku hizi natamani kuziba masikio, sijui kwa nini, labda ni uchovu. Mimi nampenda mume wangu. Nisaidie nifanye nini ili shangazi akubali, au niende nikaseme peke yangu kwamba simu nilikuwa nayo?

Ni mimi,
Bibi harusi wa Somanda

MAMA PHILOMENA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama kwanza nikanywa maji, maana na mimi nilikuwa na hasira. Ila hasira yangu haikwenda Nkololo wala Zagayu. Ilikwenda kwa mwanamume mmoja uliyemtaja kwa maneno matamu tangu mwanzo mpaka mwisho, na ambaye katika orodha yako ya watu unaowakasirikia hayumo.

Umeniuliza utamfanyaje shangazi yako akubali. Hutamfanya chochote. Mumeo alijua Juni yote kwamba simu yako iko kwa shangazi, imezimwa. Alijua kiasi cha kumbembeleza shangazi kila siku. Sasa niambie wewe uliyemaliza kidato cha nne: mtu anayejua simu yako imezimwa, anaongea na nani anaposema "ukimaliza kusikia futa"? Na wewe mahari yako ilishaliwa, kadi za harusi zimeshagawiwa, ulikuwa unamficha mama yako kitu gani? Ulilijua hili kabla hujaniandikia. Ndiyo maana neno lile hutaki tena kulisikia. Si uchovu.

Mjomba wako Masunga aliuliza swali zuri ukumbini, mkacheka. Nenda kaulize tena nyumbani kwako, bila kucheka.

Pole. Nasema pole kwa moyo wote, kwa sababu najua kilichokuuma zaidi. Ulidhani neno lile ni lako peke yako, kumbe alikuwa akilitoa popote, hata kwa mtoto anayetafuta alama za ramani. Lia, una haki. Lakini ukimaliza kulia nisikilize, kwa sababu sitakubembeleza kwa hili linalofuata.

Ulikwenda kumtukana mtoto. Mtoto wa miaka kumi na tano, ambaye kosa lake ni kutuma zoezi kwa mwalimu wake. "Alichomfanyia mume wa mtu", mwanangu, maneno hayo yaondoe mdomoni mwako leo hii. Mwalimu ndiye mtu mzima. Mwalimu ndiye aliyepewa namba ya mzazi kwa kazi ya shule, akaitumia kumpita mzazi huyohuyo. Yule mama alimwamini. Angekuwa ni mdogo wako wa kike ungempigia kelele nani? Na Madamu Sia usimsingizie wivu. Ulitaka amwite mwenzake "waongee kama watu wazima", na mtoto je? Ni wakuu wangapi wa shule wanaoongea kama watu wazima, wanakunywa soda, jambo linaisha, mwalimu anahamishiwa shule nyingine yenye mabinti wengine? Yeye hakufanya hivyo. Siku moja utakuwa na binti shuleni na utaomba mkuu wake awe mwanamke kama huyu.

Na wewe ulipomwona yule mtoto, matusi yalikupotea. Hapo ndipo nilipokupenda. Huyo aliyenyamaza uani Zagayu ndiye Rahel ninayemwandikia.

Sasa utafanya hivi. Kwanza, usitie sahihi karatasi yoyote aliyoiandika mumeo, wala usifute chochote kwenye simu yoyote, awe anakuita asubuhi au usiku. Pili, muulize swali moja, ukiwa umesimama na mkoba wako uko mkononi: "Kama zilikuwa zangu, mbona ulijua sina simu?" Kisha nyamaza umwache aongee. Usimsaidie kutafuta jibu. Akikiri, aende mbele ya kamati akakiri yeye mwenyewe, kazi akiipoteza ameipoteza yeye, si Joyness wala shangazi wala wewe. Kama ndoa yenu inaweza kuendelea baada ya hapo, hilo mtalizungumza na wazazi wako na mchungaji wenu, polepole, na jibu lolote utakaloamua hakuna atakayekulazimisha. Akikasirika akakutisha, usibishane naye, ondoka.

Kamati ikikuita, nenda. Ukiulizwa simu yako ilikuwa wapi mwezi wa Juni, jibu kwamba ilikuwa kwa shangazi. Usiongeze wala usipunguze. Usimtukane mumeo, na usimpambe.

Halafu kuna mtoto mwenye sweta la shule anayechunga ng'ombe siku za masomo, na baba yake anasubiri posa. Hilo haliwezi kungoja kamati. Usirudi Zagayu peke yako, familia ile imeshachoshwa na watu wa nyumba yako. Mwone Madamu Sia, mwombe radhi kwa uliyomfikiria, na umwambie ulichosikia pale uani ili yeye na ofisa ustawi wa jamii wakazungumze na yule baba, na wanafunzi wanaomwita mtoto mke mdogo wanyamazishwe. Unajua kushona. Ukitaka kufanya kitu kwa mikono yako, mshonee sare mpya, ipitie kwa mkuu wa shule, bila jina lako.

Kuhusu shangazi, amekuonyesha kwa vitendo alichokufundisha kwa maneno, na wewe ukamwona adui. Mrudie, bila sukari na bila kitenge. Mpigie magoti, mwambie alikuwa na haki, na ukae kwake mpaka kamati imalize kazi yake. Atakugombeza siku ya kwanza, vumilia.

Safari hii ubaki na simu yako, na iwe imewashwa.