Mama Mkwe Ametokea Mkono Tu

Mpendwa mshauri, shikamoo. Nakuandikia niokolewe kabla sijakosa mke kwa sababu ya video. Mimi ni kijana wa Kisarawe, nina kibanda cha kupiga picha na kuediti jirani na stendi, kazi nimejifunza mwenyewe mtandaoni na nashukuru Mungu naiweza, sasa mwezi uliopita nikapata kazi ya sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, huko Mkuza, bibi harusi anaitwa Fadhila, na niseme ukweli kazi ile niliichukua kwa moyo wote kwa sababu Fadhila ni mtoto wa mama mdogo wa Hajira, na Hajira ndiye ninayetaka kumuoa, mshenga wangu mzee Ally alishapeleka barua ya posa kwao Dutumi na baba mtu alishalainika, likabaki neno la mama mtu, Bi Sada, ambaye ndiye msemaji wa mwisho nyumba ile, kwa hiyo nikasema hapa ndipo pa kumwonyesha mama mkwe kwamba binti yake haolewi na mpiga picha za pasipoti.

Sikutaka video ya kishamba, mshauri, zile za saa tatu watu wanakula wali, nikatengeneza sinema, dakika sita tu, nikaanza na intro yangu ya simba wa dhahabu anayetoka kwenye moto ananguruma halafu jina la studio linajikusanya kutoka kwenye cheche, intro peke yake nimeihangaikia wiki nzima, halafu nikaweka picha za droni za vilima vya Kisarawe (sherehe ilikuwa Mkuza, lakini Mkuza ukiitazama kutoka juu ni mabati tu), nikatoa sauti ya MC na vigelegele nikaweka kinanda cha huzuni, rangi nikazivuta zikawa za kisinema, ingawa zambarau ya sare za akina mama ilielekea kidogo kwenye udongo, na pale kwenye kutunza, ndugu wanapoingia na zawadi, nikachagua vitu vyenye hisia tu, chozi, pete, kiganja, nyuma yake ukungu mzito.

Basi wakakusanyika kwa kina Fadhila kuiangalia, sebule nzima akina mama, pilau limepikwa, na Bi Sada amekuja kutoka Dutumi na wenzake wa kikundi cha kusuka, maana siku ya sendofu aliingia ukumbini anacheza na mkeka begani, mkeka aliousuka mwenyewe tangu kiangazi, ukumbi wote ukasimama. Video ikaisha. Bi Sada akasema, "Hebu rudisha nyuma kidogo, mwanangu." Nikarudisha. "Hapo. Huo mkono ni wangu, nimeujua kwa bangili. Mwenyewe niko wapi?" Mwenzake akadakia, "Uko kwenye ukungu, shoga, unakuja!" Wakacheka mpaka pilau likawapalia, na mimi badala ya kunyamaza nikaanza kumweleza kitaalamu, nikamwambia, "Mama, sinema haionyeshi kila kitu, inamwacha mtazamaji ahisi." Akaniangalia. Akasema, "Aaa. Kumbe."

Juzi mzee Ally kaenda Dutumi kufuata majibu ya posa, kapewa chai, kapewa mihogo, wamezungumza habari za mvua, alipouliza alichofuata, Bi Sada akamjibu, "Majibu yapo, mzee wangu. Mwambie kijana ayahisi." Hajira naye nikimpigia ananiambia, "Mama hajakukataa, Kondo. Anasema tu kwamba na yeye hajakuona." Mshauri, nafikiria kumwekea Bi Sada shukrani za pekee mwishoni mwa video, jina lake kwa herufi za dhahabu. Sasa naomba ushauri wako, herufi ziwake moto au zizunguke?

Kondo, Kisarawe

*

Kondo,

Pole. Pole imeishia hapo, sasa tuzungumze.

Simba, ambaye hakualikwa, hakuchanga wala hakuvaa sare, ametokea mzima, kichwa mpaka mkia, tena na sauti yake. Vilima vya Kisarawe vimehudhuria sherehe ya Mkuza, na wageni hadi leo wanaulizana walipita njia ipi. Mama mkubwa wa bibi harusi ametokea mkono. Halafu unakuja kuniuliza habari za herufi!

Mimi picha sikuzisomea. Nilichosomea ni sebule. Nimeangalia video za sendofu za watu nisiowajua hata kwa jina, sahani mkononi, na nakuhakikishia hakuna aliyekuwa akitazama sinema. Kila mtu alikuwa akisubiri zamu yake ifike. Mama anakaa kwenye kochi, anajiona anaingia mlangoni, anapiga kigelegele upya kwa jambo alilokwisha kulipigia kigelegele. Mkeka wa Bi Sada sasa hivi umetandikwa, unalaliwa, labda umeshamwagiwa na chai. Mahali pekee ambapo bado unaingia ukumbini mpya, begani kwa aliyeusuka, watu wamesimama, ni kwenye video yako. Na hapo ndipo ulipoona panafaa kuwekwa ukungu. Hata mimi ningekuletea mihogo nikae kimya.

Sasa sikiliza. Kama picha ghafi za siku ile umeshazifuta ili simba apate nafasi kwenye kompyuta, acha kusoma hapa, tafuta mchumba kwenye ukoo usio na runinga. Kama zipo, zinakili kwanza mahali pengine kabla hujagusa kitu. Hilo hufanywa siku ile ile unaporudi kutoka ukumbini, lakini najua ulikuwa na moto wa kuwasha.

Anza na sauti. Kinanda kitoe. Mrudishe MC anayeita "upande wa Dutumi, tusogee!", urudishe muziki waliouchezea, kwa sababu ukimchezesha mtu mzima juu ya kinanda cha huzuni, miguu yake inaonekana ya mwendawazimu. Halafu chukua kutunza kote, kuanzia anavyotokea mlangoni mpaka anamkumbatia Fadhila, usikatishe. Ukitaka kukata, kata kwenda kwenye uso wake au kwenye mkeka, urudi. Usikate kwenda kwenye droni. Mwendo wa pole uutumie pale tu ulipopiga kwa picha nyingi kwa sekunde. Ukivuta picha ya kawaida, mama anakwamakwama kama mtandao wakati wa mvua.

Zambarau irudi kuwa zambarau. Wale akina mama walibishana mpaka wakanuniana ndipo wakakubaliana rangi ile, wewe umekuja kuwavisha rangi ya maini bila kikao.

Na herufi, kwa kuwa umeng'ang'ania: nyeupe, nene, zimetulia. Zikae chini ya picha lakini zisiguse ukingo, runinga nyingi zinameza pembeni. Zikae muda ambao mtu aliyesahau miwani anaweza kusoma mara mbili. Jina mwulize Hajira wanavyolitaja nyumbani kwao, usilitunge. Ukimaliza, usijisifu ukiwa na visikilizio masikioni mbele ya kompyuta. Weka kwenye flashi, nenda kwa jirani mwenye runinga ya kawaida, kaa mbali kama mgeni aliyechelewa kiti, uone kama inafunguka na kama unasikia.

Ile ya dakika sita usiitupe. Waachie vijana wa simu, ndio waliokwambia "kali sana kaka" ukaamini. Simba mfupishe, mpeleke mwisho kabisa, watu wakiwa wanatafuta viatu.

Kisha nenda Dutumi mwenyewe. Usimtume mzee Ally, ameshakunywa chai ya kutosha kwa ajili yako. Msalimie Bi Sada, mwombe radhi kwa sentensi moja, na ndani ya sentensi hiyo lisiwemo neno "sinema". Washa, kaa chini, funga mdomo. Akisema rudisha, rudisha. Akiita jirani, rudisha tena mwanzo. Usimweleze anachokiona, anakijua kuliko wewe.

Akichoka yeye, siyo wewe, aga uondoke. Siku nyingine ndipo mzee Ally arudi kuuliza habari ya posa. Mwambie apite mlangoni mzima, aonekane uso, asikike anachosema, akae mpaka ajibiwe. Nyumba ile wameshachoshwa na wageni wanaoingia mkono tu.