Mjomba na Ripoti ya Makaa ya Mawe

Shoga, uko? Nimetoka kikaoni sasa hivi, nimejifungia chooni kazini.

Si unaijua ripoti yangu ya kufunga ule mtambo wa umeme wa makaa ya mawe? Miaka mitatu ya utafiti! Leo nimeiwasilisha mbele ya kamati, na wafanyakazi wa mtambo nao walialikwa.

Namaliza tu, mzee mmoja akasimama kule nyuma. MJOMBA. Mjomba wangu mwenyewe, aliyenisomesha kwa mshahara wa mtambo huohuo!

Akasema kwa upole, “Mwanangu, umeandika watu mia nne watatafutiwa kazi nyingine. Mimi nina miaka hamsini na sita. Kazi gani?”

Kazi gani, shoga!

Nikajibu, “Mjomba, sijui. Sikuwauliza.” Bosi akanikata jicho hilo! Mwenyekiti akanirudishia ripoti, nikaandike upya sura ya wafanyakazi.

Nimechoka hoi. Moshi wa mtambo wao nimeupima kila mwezi, wenyewe sikuwauliza hata siku moja.

Nilipotoka, mjomba alikuwa ananisubiri mlangoni mwa ukumbi. Nikajua leo nagombezwa. Akasema tu, “Jumatatu njoo mtamboni. Uanze na mimi.”